MASHINE ISIYOJUA KULALA NI MZIGO KWA MWENYE NAYO

Hivi karibuni tulizuru shule moja ya sekondari iliyo mbali na nguzo za umeme. Shule hiyo ina chumba kimoja cha kompyuta, na umeme wake hutoka katika paneli za jua zilizo juu ya paa na betri 4 zilizopangwa ukutani. Chumbani mna kompyuta za mpakato 18, zote za mitumba, zilizotolewa na wafadhili mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Kwa sababu hiyo si za aina moja wala si za umri mmoja. Mwalimu anayezitunza, kijana mwenye bidii, alikuwa ameziwekea zote mfumo mmoja wa uendeshaji, yaani Linux, tena toleo lile lile, ili wanafunzi wake wasihangaike.

Tuliyemkuta hapo ni mtu aliyekwisha kukata tamaa. Alitufungulia daftari lake ambamo kwa muda wa muhula mzima aliandika, kila jioni, kiasi cha chaji kilichomo katika kila mashine alipoifunga, na kila asubuhi, kiasi alichokikuta alipoifungua. Kompyuta 8 zililala jioni na kuamka asubuhi salama, zikiwa zimepoteza chaji kidogo tu. Kompyuta 4 zililala vizuri, lakini zilipofunguliwa kioo kilibaki cheusi, ikawa hapana budi kuzizima kwa nguvu, na kazi ya wanafunzi ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Kompyuta 6 zilizobaki zilikuwa na hila kubwa kuliko zote: zilijionyesha kuwa zimelala, kumbe zilikesha. Asubuhi zilikutwa zina joto na betri zake zimekauka. Hapo zote 6 zilidai chaji kwa pamoja kutoka betri za ukutani, na kabla ya kipindi cha tatu kwisha, king'ora cha kibadilisha umeme kilikuwa kinalia. Mkuu wa shule, kwa kuona hasara hiyo, alikuwa amekwisha kutamka kwamba mwisho wa muhula kompyuta zitiwe stoo na somo lenyewe lisimame.

Swali alilotuuliza mwalimu yule ndilo lililotufanya tuandike leo. Iweje mfumo mmoja wa uendeshaji, wa toleo moja, katika chumba kimoja, uwe na tabia tatu? Tuliporudi tulilifuatilia swali hilo kwa makini, na tuliyoyakuta tunaona yanamhusu kila anayelipia umeme kwa LUKU, kila anayetoa fedha dukani achajiwe simu yake, na hususan kila ofisi inayonunua mitambo kwa fedha za umma.

UMEME UNAKWENDA WAPI

Kwanza ni sharti tuelewe umeme unaliwaje ndani ya mashine. Katika prosesa mna swichi ndogo ndogo ambazo siku hizi huhesabiwa kwa mabilioni. Kila swichi inapogeuka hula umeme kidogo, na ulaji huo hutegemea zaidi mambo mawili: mara ngapi kwa sekunde swichi hugeuka, na volti ngapi zinaisukuma. Lakini mambo hayo mawili hayana uzito sawa. Mwendo ukipunguzwa nusu, ulaji nao hupungua nusu. Volti zikipunguzwa, ulaji hupungua kwa kipeo cha pili. Prosesa iliyokuwa ikisukumwa na volti 1.2 ikishushwa hadi volti 0.9, kwa hesabu ya volti peke yake ulaji hushuka hadi asilimia 56 hivi ya ule wa awali. Mwendo nao ukipunguzwa nusu, hubaki asilimia 28 tu. Ndiyo maana mwezi Januari 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za mpakato zenye uwezo huo chini ya jina la SpeedStep, na mwezi huo huo kampuni changa ya Transmeta, ambamo Linus Torvalds mwanzilishi wa Linux alikuwa ameajiriwa, ikaonyesha prosesa yake ya Crusoe iliyobadilisha mwendo na volti kwa pamoja.

Fauka ya hayo, kuna umeme unaovuja hata swichi ikiwa imetulia, mithili ya maji katika bomba lililochakaa. Uvujaji huo haukomi ila kwa kufunga koki, yaani kuikatia umeme sehemu hiyo kabisa. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi umeme ina sura mbili: kwenda polepole pale ambapo haraka haina faida, na kulala pale ambapo kazi haipo. Sura ya kwanza ni nyepesi. Sura ya pili, ile ya kulala na kuamka, ndiyo iliyowatoa jasho wahandisi kwa zaidi ya miaka 30.

NANI MWENYE AMRI

Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa utaratibu ulioitwa APM. Kwa utaratibu huo amri ya kulaza chombo ilikuwa zaidi mikononi mwa BIOS, ile programu ya kiwandani iliyotiwa ndani ya ubao wa mashine. BIOS ilihesabu dakika, na ikiona hakuna herufi iliyobonyezwa, ilizima kioo au kusimamisha diski. Kasoro yake ilikuwa dhahiri. BIOS haikujua mtu anafanya nini. Mtu anayesoma waraka mrefu habonyezi kitu, lakini hajalala. Na diski inayoandikiwa hesabu za mwezi haifai kusimamishwa katikati ya mstari. Ilikuwa sawa na bawabu anayezima taa za ofisi saa kumi kamili bila kuchungulia kama ndani kuna mtu.

Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa utaratibu mpya uitwao ACPI, uliogeuza amri hiyo juu chini. Mfumo wa uendeshaji, ambao ndio unaojua kila programu inafanya nini, ukapewa mamlaka ya kuamua, na kiwanda kikabakiwa na wajibu wa kueleza. Kila mashine inapowashwa huukabidhi mfumo wa uendeshaji majedwali yanayotaja vyombo vilivyomo, pamoja na maelekezo ya namna ya kukizima na kukiwasha kila kimoja. Maelekezo hayo yameandikwa katika lugha maalumu isiyofungamana na prosesa yoyote, nao mfumo wa uendeshaji huyasoma na kuyatekeleza hatua kwa hatua. Usingizi nao ukapewa madaraja. Kwa mashine nzima, S0 ni kuwa macho. S3 ni usingizi mzito, ambapo kumbukumbu huendelea kulishwa umeme kidogo na karibu vyote vingine huzimwa. S4 ni kuandika yaliyomo katika kumbukumbu kwenye diski na kuzima. S5 ni kuzimwa kabisa. Kwa chombo kimoja kimoja, D0 ni kufanya kazi na D3 ni kulala fofofo.

Kwa maandishi, utaratibu huo ni mwema, na tangu mwaka 2013 umekuwa chini ya jumuiya ya kampuni nyingi iitwayo UEFI Forum. Lakini jedwali huandikwa na binadamu kiwandani, na binadamu huyo hulijaribu kwa mfumo ule anaouuzia mashine zake. Kwa miaka mingi mfumo huo ulikuwa Windows, na kwa sehemu kubwa mambo bado ni hayo hayo. Katika majedwali mengi mna swali ambalo mashine huuliza mfumo wa uendeshaji: Je, wewe ni Windows ya toleo gani? Na kwa kuwa njia iliyojaribiwa vizuri ni ile ya anayejibu kwamba ni Windows, Linux nayo hujibu kwamba ndiyo. Waandishi wa Linux hawakufanya hivyo kwa kupenda uongo. Waliona kwamba anayejibu kwa jina lake halisi hupelekwa katika njia ambayo hakuna aliyepata kuipita, akatumbukia shimoni.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mfumo unaotumiwa bure na shule na hospitali katika nchi nyingi hulazimika kuazima jina la mwenziwe ili ufunguliwe mlango, kwa sababu wakati wa kujaribu mashine haukuwapo. Tunaliweka jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa makusudi, maana tutalirudia.

KILA BODI NA DESTURI YAKE

Hayo ni ya kompyuta za jamaa ya Intel. Upande wa simu mambo yalikuwa mengine. Simu nyingi hutumia prosesa za ramani ya kampuni ya ARM ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi iliuza ramani na si prosesa zenyewe. Kila mnunuzi wa ramani hiyo huijengea viungo vyake: saa zake, vidhibiti vyake vya volti, swichi zake za kukata umeme. Hapakuwa na jedwali la kuueleza mfumo wa uendeshaji kwamba kamera inalishwa na kidhibiti fulani, na kwamba kidhibiti hicho hicho ndicho kinachoilisha kadi ya kumbukumbu. Kila bodi iliandikiwa msimbo wake ndani ya kiini cha Linux, na bodi zikawa mamia. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika hadharani kwa maneno makali kwamba msimbo wa ARM unajaa marudio yasiyokwisha.

Dawa iliyotumika ilitoka katika wazo la zamani, Open Firmware, lililowekwa kuwa sanifu ya IEEE mwaka 1994 na kutumika katika mashine za Sun na za PowerPC. Maelezo ya bodi yakatolewa ndani ya msimbo na kuandikwa katika faili la pembeni linaloitwa mti wa vyombo. Faili hilo halina amri. Lina habari tu: chombo hiki kimeunganishwa hapa, saa yake ni ile, volti zake hutoka kule. Draiva moja, yaani programu ndogo inayojua lugha ya chombo kimoja, ikaweza kuhudumia bodi nyingi kwa kusoma habari hizo. Kwa hiyo leo draiva iliyoandikwa vizuri haijui wala haijali iwapo imezaliwa katika nyumba ya ACPI au ya mti wa vyombo. Huomba kwa kiini kwamba chombo chake kilazwe, na kiini hutafuta njia ifaayo kwa mashine ile.

Hata hivyo, kukubaliana huchukua muda. Mwaka 2011 ARM ilitangaza mpango uitwao big.LITTLE wa kuweka pamoja prosesa kubwa zenye nguvu na ndogo zenye ulaji mdogo. Ilifika Machi 2019, katika toleo la 5.0, ndipo Linux ya kawaida ilipopata mratibu wa kazi anayepima nishati kabla ya kuchagua kazi iende kwa prosesa ipi. Katika miaka hiyo yote watengenezaji wa simu walikuwa na nakala zao za mfumo zilizobanduliwa kutoka kwenye shina, na aghalabu hawakuyarudisha shinani waliyoyaongeza. Simu ya namna hiyo kampuni ikiiacha, hakuna mwingine awezaye kuitibu.

MLANGO WA UA HAUFUNGWI WATOTO WAKIWA NJE

Sasa tuingie ndani ya kiini tuone kazi yenyewe. Vyombo vya kompyuta vimepangika kama ukoo. Kipanya kimechomekwa katika kitovu cha USB, kitovu kimeungwa na kidhibiti, kidhibiti kimeungwa na njia kuu. Wakati wa kulala, wadogo hutangulia: kipanya, kisha kitovu, kisha kidhibiti. Wakati wa kuamka, wakubwa hutangulia. Mlango wa ua haufungwi watoto wakiwa nje, na asubuhi mtoto hawezi kutoka kabla mlango haujafunguliwa. Draiva moja tu ikikosea zamu yake, ikagusa chombo ambacho mzazi wake amekwisha kuzimwa, mashine nzima hukwama. Kioo cheusi cha kompyuta zile 4 za shule kilitokana na kosa la jamaa hiyo: draiva ya kioo haikuweza kukirudisha chombo chake katika hali kiliyokuwa nayo kabla ya kulala.

Kuna pia usingizi wa mchana, ambapo mashine iko macho lakini kiungo kimoja kimoja hupumzishwa. Utaratibu wake wa pamoja uliingizwa katika Linux toleo la 2.6.32 mwezi Desemba 2009, na mwenye mkono mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Mpoland Rafael Wysocki. Kanuni yake ni nyepesi. Kila anayekihitaji chombo huongeza moja katika hesabu; akimaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, chombo chaweza kulazwa. Taa ya ukumbini huzimwa na mtu wa mwisho kutoka. Pale ambapo vyombo kadhaa hulishwa na swichi moja, kama wapangaji wanaochangia mita moja, swichi haikatwi mpaka wote wawe wamelala.

Lakini kulala na kuamka nako kuna gharama yake. Mwenye duka hafungi milango kila mteja anapotoka, maana atachoka kufungua kuliko kuuza. Kwa sababu hiyo chombo husubiri kidogo baada ya hesabu kufika sifuri, na muda wa kusubiri hutofautiana kwa chombo na chombo. Isitoshe, viko vyombo vya USB vinavyodai kwamba vyajua kulala ilhali havijui. Vikilazwa haviamki mpaka vichomolewe. Hivyo Linux haivilazi vyombo vingi vya USB mpaka mwenye mashine atoe idhini, na imelazimika kuweka orodha ya vyombo vyenye taksiri ili kila kimoja kitendewe kwa hali yake. Orodha kama hizo haziandikwi na mtu mmoja. Hukusanywa kidogo kidogo na watumiaji wa nchi nyingi, kila mmoja akileta kasoro aliyoiona mezani kwake.

MLINZI ANAYEGONGA MLANGO KILA DAKIKA

Kulikuwa na adui mwingine, naye alikuwa ndani ya nyumba. Kwa miaka mingi kiini cha Linux kilijiamsha kwa mlio wa saa mara 100 kwa sekunde, na katika matoleo ya mwanzo ya 2.6, kwa kompyuta za jamaa ya Intel, mara 1000 kwa sekunde, hata pasipokuwa na kazi yoyote. Ni kama mlinzi anayekugongea mlango kila dakika kukuuliza kama umelala. Toleo la 2.6.21 la mwezi Aprili 2007 lilianza kuondoa kero hiyo kwa kuiweka saa ilie pale tu panapokuwa na miadi. Mwezi uliofuata Intel ikatoa chombo kiitwacho PowerTOP, kinachotaja kwa majina programu zinazoiamsha prosesa. Hapo watu waliona aibu. Programu nyingi zilizoheshimika zilikutwa zikiamka mara nyingi kwa sekunde kutazama jambo ambalo halijabadilika. Wenyewe walirekebisha, wengi wao katika muda mfupi, kwa sababu kasoro ilipotajwa kwa jina ilikosa pa kujificha.

Kwa upande wa simu ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi. Android ya kampuni ya Google ilichukua msimamo kwamba simu ni mtu aliyelala: iwe usingizini wakati wote ila pale programu inaposhika kufuli ya kuizuia. Mwaka 2009 wahandisi wa Google waliupeleka msimbo wa kufuli hizo kwa jumuiya ya Linux, nao ukapingwa. Wapinzani walisema kuwa ni njia ya mkato, na kwamba programu moja yenye ulafi yaweza kushika kufuli usiku kucha. Mwanzoni mwa mwaka 2010, katika toleo la 2.6.33, msimbo wa Android uliokuwa katika sehemu ya majaribio ukaondolewa.

Ila hoja ya Google ilikuwa na kweli ndani yake. Simu inapoanza kulala, na katika nukta hiyo hiyo ujumbe ukaingia, nani ashinde? Usingizi ukishinda, ujumbe wa mgonjwa kwa mganga wake hukaa mpaka simu iamshwe kwa sababu nyingine. Wysocki alitafuta njia ya kati. Kiini kihesabu kila tukio la kuamsha. Programu inayotaka kuilaza mashine isome hesabu hiyo kwanza, kisha iirudishe kwa kiini. Kiini kikiona hesabu imekwisha kubadilika, kikatae kulala. Njia hiyo iliingia katika toleo la 2.6.36 mwaka 2010, na mwezi Julai 2012, katika toleo la 3.5, Linux ikapata pia njia inayokaribiana na ile ya Android. Ulafi uliotabiriwa nao ulitokea kweli, hata mwaka 2015 Android toleo la 6.0 ikaleta utaratibu uitwao Doze, wa kuzinyamazisha programu simu inapokaa bila kuguswa.

Katika ugomvi huo tumejifunza kwamba kila upande ulikuwa na haki yake, na kwamba haki hiyo haikupatikana kwa cheo cha kampuni bali kwa mtu aliyekaa chini, akaisikiliza hoja, akaandika msimbo unaoijibu.

USINGIZI WA SUNGURA

Tumebakiwa na kompyuta zile 6. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft na watengenezaji wa prosesa wamekuwa wakieneza usingizi wa namna nyingine, kwa kuiga simu. Mashine haiingii S3. Hubaki katika S0, na kila kiungo hutakiwa kulala chenyewe kwa kina, huku mashine ikiweza kuamka mara moja na kupokea ujumbe. Kompyuta nyingi mpya za mpakato zimeiondoa S3 kabisa. Usingizi huo ni mzuri pale viungo vyote vinapotii. Lakini kiungo kimoja, draiva moja tu, ikikataa kulala, prosesa haifiki katika kina kinachotakiwa, nayo mashine hukesha kama sungura, macho wazi. Wanaobeba mashine zao mikobani na kuzikuta zina moto wanalijua jambo hili, wawe wanatumia Windows au Linux.

Tulirudi shuleni na habari hizo. Katika Linux kuna faili dogo, /sys/power/mem_sleep, linalotaja usingizi ambao mashine inaujua. Likitaja neno deep, usingizi mzito upo. Likitaja s2idle peke yake, mashine ina usingizi wa sungura tu. Mwalimu alizikagua zote 18, moja baada ya moja, wanafunzi wakimwandikia. Zile 8 zilitaja deep. Zile 4 zenye kioo cheusi nazo zilitaja deep, nayo ikathibitika kwamba kulala zinajua. Taabu yao ni kuamka. Zile 6 zilitaja s2idle peke yake. Katika 4 kati ya hizo 6, ndani ya kurasa za mipangilio ya BIOS, kiwanda kilikuwa kimeacha mahali pa kuchagua usingizi wa zamani. Zikachaguliwa, na usiku huo zikalala. Mbili hazikuwa na mahali hapo. Hizo 2, pamoja na zile 4 za kioo cheusi, zimewekewa amri ya kuzimwa kabisa kila jioni baada ya kazi kuhifadhiwa. Hatukutumia hata shilingi moja.

WAJIBU WETU

Hapana shaka wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Marekani na Ulaya, nasi ni wanunuzi tu. Hatukubaliani nao. Kuna mambo matatu ambayo yamo katika uwezo wetu leo.

Kwanza, wale wanaonunua au kupokea mitambo kwa niaba ya umma waache kuridhika kwa kuona kioo kimewaka. Mashine ipimwe kwa usingizi wake. Chukua mashine moja ya kila aina, ijaze chaji, ifunge jioni, ifungue asubuhi, andika ilichopoteza. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayokula wati 5 usiku kucha hukauka kwa saa 10. Katika mashine iliyolala kweli kwa nusu wati, hudumu saa 100. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu wala chombo. Kiandikwe katika mkataba, na mashine isiyokipita irudishwe kwa mwenyewe. Msaada nao upimwe vivyo hivyo, kwa kuwa mzigo wa bure hubebwa na mpokeaji.

Pili, vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni wafundishwe kuingia ndani ya kiini. Msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote, na taarifa ya kasoro iliyoandikwa vizuri, yenye jina la mashine, toleo na maandishi ya kumbukumbu za mfumo, husomwa bila kuulizwa mwandishi ametoka nchi gani. Tumekwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mashine za mitumba zilizojaa katika shule zetu hazijaribiwi tena na viwanda vilivyoziunda. Sisi ndio tulio nazo, na sisi ndio tunaoziona kasoro zake. Tukinyamaza, hakuna atakayezisema.

Tatu, waandishi wa programu za simu, ambao miongoni mwetu sasa ni wengi, wakumbuke kuwa mteja wao huenda hulipa kila anapochajiwa simu. Programu inayoamka kila mara kutazama kama kuna jipya inachota mfukoni mwake. Asubiri kuitwa, asishike kufuli asiyoihitaji, na akiishika aiachie mapema.

Tulipoagana na mwalimu yule, daftari lake lilikuwa na safu mpya, na wiki mbili mfululizo king'ora cha ukutani kilikuwa hakijalia kabla ya saa nane. Mkuu wa shule amekubali chumba kiendelee mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka, kwa sharti kwamba daftari apelekewe kila Ijumaa. Tunaona ni sharti la haki. Tunawaomba walimu wengine wenye vyumba vya namna hiyo waanze daftari lao, na watakayoyaona wasiyaache humo. Wayaandike, wayapeleke kwa wanaohusika, wala wasichoke kuyarudia.